Siku Yonasi Alipoombwa

Mtu aliyekuja kumchukua mtoto wetu alikuja peke yake, mikono mitupu, siku ya Jumatatu, tena saa ya kupika. Nilimfungulia mlango nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamume mfupi wa makamo, kofia ya besiboli kichwani na faili kwapani. Akasema anaitwa Eliseo, ametumwa na timu.

Niwaeleze kwanza habari za timu. Yonasi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Tulipoletwa hapa Louisville, Amerika, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania alikuwa na miaka tisa, na ujuzi wake wote ulikuwa kutupa mawe kwa mkono wa kushoto, kufukuza mbuzi kwenye maharage yetu. Mwalimu wa michezo aliuona mkono ule, akampa mpira mweupe. Juni ya 2015, timu kubwa za besiboli zilipokuwa zikichagua vijana kwa zamu, jina lake likasomwa katika raundi ya kumi na tisa. Habari ilinikuta ndani ya basi, hapa hapa mtaani kwetu Beechmont. Nilipiga kigelegele hadi dereva akafunga breki.

Lakini kuchaguliwa si kuchukuliwa. Lazima asaini, na kwa kuwa alikuwa hajafikisha miaka kumi na minane, lazima mama yake, wifi yangu Spés, asaini pia. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki ile aliyokuja Eliseo, saa kumi na moja jioni. Dakika moja ikizidi, timu imempoteza, na hakuna ajuaye kama jina lake lingesomwa tena.

Eliseo kwao ni Jamhuri ya Dominika. Miaka kumi na tano alikuwa akizunguka viwanja vya vumbi huko kwao, akitafuta na kusainisha vijana wa miaka kumi na sita. Walimtuma kwetu kwa sababu, nilivyosikia, anajua sana kuongea na akina mama. Basi hakuwa amekutana na shangazi.

"Umekuja na nani?" nilimuuliza, Yonasi akitafsiri.

"Peke yangu."

"Wazee wako wako wapi?"

Hilo Yonasi alikataa kulitafsiri. Akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba huu ni mkataba wa kazi, si harusi.

"Mtu anamtoa mtoto nyumbani," nikamwambia, "anamlaza kwingine, anamlisha, anamvika jina la watu wake kifuani. Hiyo kama si harusi ni nini?"

Kwetu Warundi mtoto haombwi na mtu mmoja. Wanakuja wazee na msemaji wao, wamebeba vinywaji. Wenye nyumba wanajifanya hawajui wageni wamefuata nini. Na siku hiyo hapatolewi jibu. Jibu ni baada ya wiki mbili. Chema chajiuza. Ukikubali haraka, watadhani ulikuwa unatafuta pa kumtupa.

Na niseme ukweli, kwa sababu wifi yangu anaujua na atausema nisipousema mimi. Mimi sikuombwa. Mwaka wa tisini na sita, kambini Mtabila, Hyacinthe alikuja na baiskeli ya kuazima, nikapanda nyuma na sufuria yangu, tukawa mume na mke. Ndugu zangu walikuwa kambi nyingine. Hakuna aliyekaa kwenye kiti akasema, "Huyu tunamtaka, mtupe." Hyacinthe ni mume mwema, anafanya kazi kwenye ghala moja kule Shively na maneno yake kwa siku hayazidi kumi. Lakini lile jambo liliniuma na bado linaniuma. Nikaapa kwamba mtoto wa nyumba hii hatatoka kama nilivyotoka mimi.

"Rudi Ijumaa," nikamwambia Eliseo, "ndugu zangu watakapokuwa wamefika."

Akaonyesha saa yake, akaonyesha kalenda, akaonyesha mbingu. Mimi nikaonyesha mlango. Aliyemsindikiza ni jirani yetu Cikuru, Baba Alliance, Mkongo wa Bukavu, ambaye chungu cha nyumba hii hakijawahi kuiva bila yeye kuja kusalimia. Niliwaona dirishani wakizungumza uani kwa muda mrefu. Sikutilia maanani.

Ijumaa tukangoja. Ndugu yangu Salvatori alitoka Buffalo usiku baada ya zamu yake, akampitia mwenzake Zenoni Columbus asubuhi, wakapasukiwa tairi karibu na Cincinnati. Saa tano, hawapo. Saa nane, hawapo. Spés alikuwa amepiga pasi kitenge chake mara tatu. Hyacinthe, aliyeacha zamu yake ghalani, alikuwa kitini pake. Yonasi alikaa kwenye ngazi akiurusha mpira juu na kuudaka, bila kuutazama. Saa tisa na dakika ishirini gari likaingia, ndugu zangu wakashuka, Zenoni na grisi hadi viwikoni. Ilikuwa mara ya kwanza sisi watatu kuwa chini ya paa moja tangu Amerika itupokee, kila mmoja na jimbo lake. Nililia kidogo, kisha nikawasukuma bafuni.

Saa kumi kasorobo mlango ukabishwa. Eliseo alikuwa amevaa suti. Mikononi alikuwa na kreti la Fanta, na nyuma yake alisimama Cikuru na kreti jingine, ametinga koti lake la kanisani.

"Baba Alliance!" nikamaka. "Wewe uko upande gani?"

"Leo mie niko papa yake," Cikuru akajibu bila aibu. "Mugeni hana familia hapa. Bon, nimemupa moja."

Msaliti mkubwa! Lakini mzee wa kuazima anaruhusiwa, siwezi kukataa. Nikamfukuza Yonasi jikoni, maana anayeombwa hakai sebuleni. Tatizo likawa kwamba ndiye mkalimani wetu. Ikabidi atafsiri kwa kupaza sauti akiwa nyuma ya pazia, huku sufuria ya wali ikichemka kando yake.

Cikuru akasimama, akakohoa. "Bon, wandugu. Sie tuko wageni. Tulipita kwa njia, tukasikia kama mu hii nyumba kuko jogoo moja yenye mukono ya kushoto. Donc, tunakuja kuiomba."

"Jogoo?" Salvatori akashangaa vizuri kabisa, utadhani hakuendesha usiku kucha kwa ajili yake. "Hapa hatufugi kuku. Mwenye nyumba hataki."

Zenoni akainama kutazama chini ya kochi. Hakuna jogoo. Nyuma ya pazia tukasikia mtu akijizuia kucheka, na moyo wangu ukatulia. Eliseo naye alikuwa akitabasamu. Akasema hata kwao ni hivyo hivyo: ukienda kumsainisha kijana utamkuta padri, kocha, nyanya na majirani sita, na wote lazima wasikilizwe.

Sasa Spés akauliza, taratibu, "Atakula wapi?"

Eliseo akamgeukia yeye peke yake. Hakumdanganya. Akasema mtoto ataanzia Arizona, halafu vimji vidogo, mabasi mengi, chakula cha hovyo, na wengi hukwama huko. Shule italipiwa akitaka kurudi, imeandikwa ukurasa wa nne. "Lakini akipanda hadi ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu," akasema, "timu yetu ya ngazi hiyo huja kucheza hapa Louisville. Na Columbus. Na Buffalo."

"Buffalo?" Salvatori akasahau kujifanya mgeni wa habari. "Uwanja uko karibu na kwangu! Naenda kwa miguu!"

"Columbus atalala kwangu," Zenoni akadakia. "Kitanda kipo."

"Basi katika kila mji ana sufuria," Spés akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nane. Salvatori akajinyoosha kitini, akarudia uso wake wa uzee, akatamka neno nililomfundisha mwenyewe kwenye simu. "Wageni, tumewasikia. Mtarudi baada ya wiki mbili tuwape jibu."

Tukangoja tafsiri. Pazia halikutikisika.

"Yonasi," nikaita, "mwambie mgeni."

"Shangazi," akasema, na safari hii alikisema Kiswahili, kile cha kambini, cha utotoni mwake, "hiyo siwezi kuitafsiri."

Sauti ilikuwa ndogo. Nikaona haya, nasema kweli. Nilikuwa nimeing'ang'ania harusi yangu mwenyewe ambayo sikuipata, na bahati ya mtoto ilikuwa inaning'inia kwenye kidole changu. Lakini kuivunja mila mbele ya wageni nako sikuweza. Nikasimama. Kwetu shangazi ana neno lake.

"Wageni wetu," nikasema, "wiki mbili ni mzunguko mmoja wa nyumba hii. Tokeni nje, zungukeni, mrudi. Na mwende upesi, kuna watu wana haraka."

Cikuru alielewa kabla sijamaliza. Akamshika Eliseo mkono, wakatoka mbio, suti na koti la kanisani, wakapita dirisha la sebule, wakapita dirisha la jikoni, mbwa wa jirani akibweka nyuma yao. Wakarudi wakihema. "Wiki mbili imepita," Cikuru akasema, jasho tupu.

"Basi jibu ni ndiyo," akasema Salvatori. "Jogoo ameonekana."

Yonasi akatoka nyuma ya pazia. Spés aliandika jina lake kwa herufi zile alizofundishwa kwenye darasa la Kiingereza, moja moja. Kisha Yonasi akasaini, kwa kushoto. Eliseo akapiga picha karatasi zote, akazituma, simu ikalia saa kumi na dakika hamsini na mbili. Zimefika. Kigelegele changu safari hii hakikusimamisha basi lolote, lakini mbwa alinyamaza.

Tulipokuwa tunafungua Fanta niliona Hyacinthe na wageni wetu wawili hawapo vitini. Nikadhani wamekwenda kutazama tairi. Mlango ukabishwa. Zenoni akafungua.

Alikuwa Hyacinthe, ameshika chupa moja kwa mikono miwili. Kulia kwake Cikuru, kushoto kwake Eliseo, wote wamesimama wima kama wazee.

"Nimekuja na watu wangu," mume wangu akawaambia ndugu zangu. "Miaka kumi na tisa nimechelewa, hamkuwepo. Humu ndani kuna binti yenu. Naomba mnipe."

Hayo yalizidi maneno kumi. Nyumba nzima ikanigeukia. Salvatori akaniangalia kwa macho yaliyojaa maji, akasubiri ishara yangu.

"Waambieni warudi baada ya wiki mbili," nikasema. "Wiki mbili kamili. Na wasizunguke nyumba."

Kisha nikaenda nyuma ya pazia la jikoni, mahali pa anayeombwa, nikalia kwa raha hadi wali ukaungua.