Posa ya Topazi

Wanawake wenye meza za mawe pale barabarani, chini ya mlima Spitzkoppe, wana kanuni moja tu: ukiuza kioo ukakiita jiwe, meza yako inapinduliwa. Na mpinduaji mkuu alikuwa Adelheid Goreses. Mkali huyo, jamani! Lakini alikuwa na sababu. Marehemu mumewe alimposa kwa jiwe la buluu, naye akalivaa shingoni miaka chungu nzima, mpaka alipojifunza kazi hii, akaliinua juani na kuona viputo vya hewa ndani yake. Jiwe la mlimani halina viputo. Kumbe alikuwa akiringia kipande cha chupa, na bado hakukivua.

Sasa asubuhi hiyo akaja Salmon Uiseb, mchimbaji mjane, na mkokoteni wake wa punda. Akavua kofia, akaweka mezani jiwe jeupe angavu, kubwa kama yai la kanga.

"Topazi," akasema. "Si la kuuza. Ni lako, ukinikubali."

"Haya, bibi harusi!" akapayuka Rosalia wa meza ya pili. "Mjibu mwenzio, chai inapoa!"

Adelheid alimpenda Salmon. Tuseme ukweli, alimpenda tangu baridi ya mwaka jana, alipomshushia kuni mlangoni bila kuombwa. Ndiyo maana aliogopa. Kudanganywa mara ya pili, tena na huyu, asingeweza kuvumilia.

"Topazi nyeupe na kwatzi nyeupe, lile jiwe la bei ya chee," akasema, "hata mwizi huzichanganya. Ngoja kwanza."

"Sikimbii," akajibu Salmon.

Adelheid akalipulizia jiwe pumzi. Ukungu ukatoweka mara moja, basi si kioo. Akalishika mkono huu, na mkono wa pili akashika kwatzi ya ukubwa uleule. La Salmon likawa zito zaidi. Akaikwaruza kwatzi kwa ncha ya jiwe la Salmon. Mchirizi ukatokea, na alipousugua kwa kidole kilicholowa mate haukufutika, basi jiwe hilo ni gumu kuliko kwatzi.

"Si umeshaona, shoga?" akauliza Rosalia. "Unataka likuimbie?"

"Bado."

Alijua fika kwamba topazi haigongwi, maana hupasuka. Mwenyewe aliwafokea wageni wa kazi kila siku kwa kosa hilohilo. Lakini vile viputo vilimrudia machoni, na hofu ikamshinda akili. Akachukua nyundo, akagonga. Kidogo tu.

Tak!

Jiwe likawa vipande viwili, kimoja kikaangukia mchangani. Adelheid alitazama kile kilichobaki mezani. Kwatzi huvunjika ovyo ovyo kama chupa. Hiki kilipasuka kwa uso mmoja bapa, laini, unaong'aa kama maji ndani ya sufuria. Topazi, hapana ubishi.

Alitamani ardhi immeze.

"Salmon," akasema. "Nimekuharibia. Mtu mzima mimi, nimekuharibia jiwe lako."

Salmon aliinama, akaokota nusu ya mchangani, akaipangusa kwa suruali. Mabega yakaanza kumtikisika. Rosalia alidhani analia, masikini. Kumbe anacheka.

"Mwanamke wewe! Njia nzima nilikuwa nawaza nitakuhakikishiaje. Kumbe dawa ni nyundo!" Akaichukua ile nusu ya mezani, akaibandika kwenye yake. Zikashikana barabara, hata mstari hauonekani. Kisha akamrudishia ya kwake. "Hii nyingine inakaa mfukoni mwangu. Siku ukinitilia shaka tena, usigonge. Niite, tuziunganishe."

Adelheid alifungua uzi shingoni, kile kipande cha chupa akakitupa kwenye ndoo ya takataka. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Watume shangazi zako Jumamosi waje kuposa," akasema. "Na uwaambie mara ya kwanza tutawafukuza kama desturi, wasije wakanuna."

"Hawatanuna. Ila hiyo nyundo..."

Lakini Rosalia alikwisha kuichukua, na alikuwa ameikalia.