Rangi ya Ekzosi Kifuani mwa Kaka

“Dada, hivi huko kwenu mnapikia chumbani?” jirani mshonaji aliuliza siku moja, mkononi ameshika sare ya mwanawe iliyokauka vizuri. Chumba chake na cha mke wa fundi vilitenganishwa na ukuta mmoja, na siku hizo ukuta ule ulikuwa wa moto kuanzia usawa wa kitanda.

“Si jiko,” mke wa fundi alimjibu. “Ni kifua cha baba watoto.”

“Aa. Basi mwambie asigeukie upande wa pili. Nina mashuka bado mabichi.”

Fundi mwenyewe alikuwa akienda kazini kama kawaida. Mashati yake yalibabuka upande wa mbele, mkewe akatia viraka mpaka akachoka, akamnunulia ya turubai. Joto lilipanda kila mdogo wake alipotajwa kwa wema. Akisemwa vibaya, lilishuka, na mtu aliweza hata kukaa karibu naye.

Fundi na mdogo wake walikuwa na gereji ya magari ya zamani. Kaka alifungua injini na kuzifufua. Mdogo alipaka rangi manifodi, yaani lile bomba la chuma lenye matawi linalopokea moshi wa moto ukitoka kwenye injini kwenda kwenye ekzosi. Bila kaka, hakuna gari ambalo lingetoka pale likitembea. Lakini wenye magari walikuwa wakifunua boneti, macho yao yanaiacha injini na kutua kwenye manifodi, kijivu safi, haina doa. “Huyu bwana mdogo ana mkono,” walisema. Kaka alikuwa amesimama papo hapo, grisi mpaka viwikoni, anatabasamu na kunuka shati linaloungua.

Kisha akaja daktari wa meno mstaafu, mwenye uwanja mzima wa magari ya zamani. Alitaka kumpa mdogo manifodi zake zote, afanye kwa jina lake mwenyewe, apate na banda lake. Mdogo alifurahi hata akasahau kula. Ila kila manifodi ya Daktari aliyopaka ilibanduka. Gari likishapata moto, kipande kidogo kinatoka, kiduara cha ukubwa wa ncha ya kidole, siku zote kwenye tawi la mwisho. Daktari hakugomba. “Kijana, ikibanduka tena nitatafuta mtu mwingine,” alisema, akafunga boneti taratibu.

Mdogo alianza kuiogopa mikono yake. Alikwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akafuta kwa tina, ile dawa ya kuondoa mafuta na rangi, akabadilisha vitambaa. Chuma kikishafutwa hakiguswi tena kwa mkono mtupu, maana hata mafuta ya ngozi yanatosha kuizuia rangi isishike. Hayo aliyajua. Akawa havui glavu hata akisalimiana na watu.

Mke wa fundi alikuwa amemwomba Mungu ampoze mumewe. Godoro lilipoanza kutoa moshi aliona na yeye afanye sehemu yake. Akaenda gerejini asubuhi.

“Shemeji, rangi yako inahimili moto wa kiasi gani?”

“Wa injini, shemeji.”

“Basi mpake kaka yako.”

Mdogo alimtazama kaka yake juu mpaka chini, kama mtu anayekadiria kazi. “Atataka msasa kwanza.”

“Ule laini,” alisema kaka akivua shati. “Na usinipake nyeusi, nitafanana na sufuria.”

Alipigwa msasa, akafutwa kwa tina, akakalishwa kwenye kigoda mikono ameitanua. Mdogo alimpulizia kifua, mabega na mikono mpaka kwenye kucha, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, akingoja kila moja likauke.

“Sasa rangi lazima ipikwe,” alimwambia mke wa fundi. “Lakini taratibu, shemeji. Usianze na mimi. Anza na watu wa mbali.”

Mke akavuta kiti. “Baba watoto, muuza mikate kanunua pikipiki.”

Kifua kikapata uvuguvugu. Wakamwacha apoe.

“Binamu yako ameshapaua nyumba. Bati za rangi.”

Kifua kikalia tik, tik, kama chuma cha gari lililotoka safari. Wakamwacha apoe tena, akapewa maji.

“Haya. Daktari wa meno anasema mkono kama wa shemeji yangu hajauona popote.”

Hewa juu ya kigoda ilitikisika. Vumbi la sakafuni likaanza kunuka. Rangi ikakaza, ikang'aa, ikashika kifuani, mabegani, mikononi, isipokuwa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hapo ilibanduka kiduara kidogo kikaanguka chini, na kutoka kwenye ngozi ikachuruzika grisi.

Mdogo alikiokota kile kiduara. Alikwenda nacho mpaka kwenye manifodi ya Daktari iliyokuwa ukutani, ile iliyorudishwa juzi, akakiweka kwenye jeraha la tawi la mwisho. Kililingana barabara. Akabaki amekishikilia pale kwa kidole.

“Kaka?”

“Nimepoa,” alisema kaka, akijigusa kifua. “Hebu shika, mama watoto. Baridi kama mtungi.” Mkewe alishika. Kweli palikuwa baridi. Aliweka sikio, akasikia ndani moto unanguruma vilevile.

Kaka alivaa shati. Mezani ilikuwapo manifodi nyingine ya Daktari, imeshafutwa, inangoja rangi mchana huo. Alipopita alinyoosha kidole, akaligusa tawi la mwisho kwa upole, kama anayemgusa mtoto shavuni.

“Umeigusa,” alisema mkewe.

“Nimegusa nini?” Kaka aliuliza, uso wake mtulivu kabisa, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichonuka.

Mdogo alikitazama kitambaa chenye tina mkononi mwake. Alivua glavu, ya kushoto kisha ya kulia, akaziweka mezani, akatoka.