Dawa ya Marehemu Donat

Mama Émerance alikwenda kwenye mkutano ule wa ukumbi wa parokia kwa sababu ulihusu mto, na mtoni ndiko alikojuana na mumewe.

Wakati huo mtaa wao wa Hewa Bora ulikuwa na nyasi nyingi kuliko nyumba. Wazazi wake, watu wa Kasai waliokuja Lubumbashi kuuza vitenge, walimtuma kufua kila Jumamosi. Donat, fundi cherehani, alikuwa akiteremka na mfuko wa nguo, akiketi kwenye nyasi juu ya ukingo, akishona vifungo huku akiimba nyimbo za kwaya kwa Kiluba cha Kasai. Maji yalikuwa meupe, mchanga wa chini ukionekana. Émerance alimwita aje hata kuosha miguu. Donat alicheka tu, hakusogea. Siku alipoleta habari ya uchumba ndipo alipomweleza: alikuwa na kifafa, na daktari alimkataza kukaribia maji peke yake.

"Kama unaogopa, sema sasa," Donat alimwambia.

Émerance hakuogopa. Aliomba jambo moja tu, kwamba watu wasijue. Alikuwa ameona jinsi majirani walivyokataa kula sahani moja na mgonjwa wa namna hiyo. Basi vidonge vikakaa kwenye kopo la maziwa nyuma ya sahani, Donat akameza kimoja kila asubuhi baada ya chai, na watoto wakakua wakijua baba yao ana presha. Alipokufa kwa ugonjwa wa moyo, siri ile ilibaki kwa mjane peke yake.

Aliyeita mkutano alikuwa Chancelvie, binti wa mtaani ambaye sasa anafundisha kemia chuo kikuu. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamechota maji ya mto na kuyapima.

"Hapa kwetu tunazoea kusema juu ya migodi," alianza. "Lakini kuko na vitu vingine bidogo sana, habionekane, habinuke. Mabaki ya sabuni, ya krimu tunapakala, ya dawa ya wadudu ya mu majardin, kwenye tunalima mboga. Na dawa tunamezaka. Mwili hautumie dawa yote. Ingine inatoka na mikojo, inaingia mu choo, mu udongo, halafu mu muto. Tumekuta ya maumivu, ya presha, na moja ya kifafa. Ile ya kifafa haiozake mbio."

Kusikia neno kifafa, ukumbi ulichafuka.

"Njo kusema kuko nyumba moja inatuharibia mayi!" alipaza sauti Stanislas, mzee mwenye bustani ya mboga kando ya mto.

Vichwa vikageuka kuelekea mlangoni, walipoketi Constance na binti yake Abigaël. Msichana huyo alikuwa ameanguka shuleni mbele ya wenzake, na mtaa mzima ulijua. Chancelvie alijaribu kusema si nyumba moja, lakini hakuna aliyemsikiliza. Constance alimshika binti yake mkono, wakainuka kutoka.

Mama Émerance akasimama.

"Constance, ngojea. Stanislas, unakumbuka nani alishonaka kositimu yako ya ndoa?"

"Nakumbuka, maman. Ni Donat."

"Ule Donat njo alikuwa na kifafa. Alikunywaka hii dawa kila asubui, tangu sijazaa hata mutoto mumoja. Nilikula naye, nililala naye, ile ugonjwa haikunipata. Kama munatafuta nyumba, mukuje kwangu."

Aimé, mwanawe mkubwa aliyeketi pembeni yake, alimtazama kama mtu aliyeamshwa.

Hapo Chancelvie akapata nafasi ya kusema. Maji ya mto hupita, alieleza. Kilichopimwa kilitoka kwa watu wengi walio hai, na kwa vidonge vinavyotupwa ovyo vyooni. Akaomba wanaokunywa dawa yoyote wainue mikono. Karibu wote waliinua, na bibi mmoja akainua yote miwili, watu wakacheka. Stanislas hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini aoshee wapi pampu yake ya kunyunyizia dawa, ikiwa si mtoni. Walikubaliana achimbe shimo la kuioshea mbali na maji, na kwamba kila mtu apeleke dawa zilizoharibika kwenye dispansari badala ya kuzitupa chooni.

Watu walipotawanyika, Émerance alimvuta Chancelvie pembeni.

"Dawa ya Donat ingali mule?"

"Pengine kidogo, tantine, mu udongo wa choo yenu. Ile ya mu muto ilishapita zamani."

Émerance aliitikia kwa kichwa. Kulimsikitisha, na papo hapo kulimletea utamu fulani moyoni, kufikiri kwamba mtu yule aliyekatazwa maji alikuwa ameyapitia hata hivyo.

Njiani Aimé aliuliza, "Maman, juu ya nini hamukutuambia?"

"Niliogopa bantu," alijibu. "Baba yako hakuogopaka. Ni miye."

Kesho yake alasiri Constance alibisha hodi, Abigaël nyuma yake. Hawakuja kwa ajili ya mto. Constance alitaka kujua kama Donat alifanya kazi vizuri, kama alipata watoto bila shida, kama aliwahi kuacha dawa. Émerance aliwawekea chai na mikate, akaanza kuwaeleza jinsi mumewe alivyolala mapema, alivyopenda samaki wa ziwa Mweru, alivyoimba vibaya sauti ya tatu. Abigaël aliuliza wimbo gani. Émerance akamwimbia, naye Aimé, aliyekuwa akitengeneza mlango wa nje, akaitikia.