Elki wa Dola Elfu Sita

"Dola elfu sita!" Orrin alitua kikombe cha kahawa mezani kwa kishindo. "Shemeji, umerogwa? Kumlipa mtu akuoneshe elki, hapa hapa Montana? Hayo waachie matajiri wa mjini wasiojua kichwa cha mnyama wala mkia."

Verna Haugland aliendelea kumkatia pai. Kweli ilikuwa aibu, tena aibu ya mji mzima, maana mwenyeji halipi mwongozaji wa kuwinda. Mwenyeji huwinda na ndugu zake. Lakini ndugu zenyewe ndio hao! Kila vuli, tangu alipoolewa na marehemu Clete, wanaume wa ukoo huu walipanda mlimani wakamwacha nyumbani. Bunduki zao alizijaribu na kuzirekebisha yeye nyuma ya ghala, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa shabaha. Wakirudi na elki, aina ya kulungu mkubwa kama ng'ombe, walimbwagia gerejini wakaingia ndani kusimuliana. Yeye akachuna, akakata, akafunga nyama mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kumlenga elki aliye hai hata mmoja.

Na sasa nyonga ilikuwa ikimtesa. Daktari angeibadilisha kwa upasuaji kipupwe kikiingia, na baada ya hapo hakuahidi kitu. Ni vuli hii au basi tena. Peke yake asingeweza, kwani mzigo wa nyama hushushwa mlimani kwa farasi, na farasi wa Clete walishauzwa. Mwongozaji alikuwa na farasi.

"Pesa utatoa wapi?"

"Nimeuza pikipiki ya theluji ya Clete."

"Ya kaka yangu!"

"Niliilipia mimi, kwa mshahara wa kuendesha basi la shule. Kula pai."

"Hela hizo unanunua ng'ombe, unakula nyama mpaka ukome!"

"Nani kakwambia nina njaa?"

Orrin akacheka, akajikuna shingo. Sauti ikalainika. "Haya, yaishe. Usitutie aibu, shemeji. Twende wote. Bure."

Moyo wa Verna ukaruka. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri tangu ujana wake, na yalipokuja machozi yalimlengalenga. "Kweli, Orrin?"

"Kweli tupu. Hema lipo, farasi wapo. Wewe utatupikia tu na kutunza moto, sisi tukitoka alfajiri. Tukipata mnyama unamchuna hukohuko. Halafu ukipata nafasi, na wewe ufyatue moja mbili."

Verna alimtazama shemeji yake mpaka huyo bwana akaacha kutafuna.

"Kumbe!" akasema. "Nami nikadhani naalikwa, kumbe naajiriwa. Tena bila mshahara! Kweli asante ya punda ni mateke."

"Usiwe hivyo bwana. Kambi ni kambi, lazima mtu apike."

"Basi apike mwenye njaa."

Akachukua simu, akaiweka mezani sauti ikiwa juu, akampigia mwongozaji.

"Nafasi ipo, mama," yule mtu alisema. "Ila unalipa nusu mapema, na hairudi hata mnyama asipoonekana. Hilo namwambia kila mtu."

"Umesikia?" Orrin akadakia. "Hairudi!"

Verna alisikia. Aliogopa, hakuna kuficha. Angeweza kurudi mikono mitupu, na mji mzima ukamcheka mpaka masika.

"Kambini kwako nani anapika?" akauliza.

"Mimi na mke wangu. Mgeni wetu hagusi sufuria."

"Niandikie nafasi moja. Nalipa leo."

"Safi sana. Basi mama, nipe mwindaji mwenyewe niongee naye. Nataka kujua bunduki yake, na kama miguu inamudu mlima."

Orrin alikuwa ameinamia sahani yake. Verna akavuta kiti, akaketi taratibu kwa ajili ya nyonga, akaisogeza simu karibu.

"Unaongea naye," akasema.