Mkia wa Maksai wa Pili

Baba aliniletea mkia wa maksai ukiwa umekatwa vipande kumi na saba, vyote safi, bila mfupa hata mmoja uliovunjika. Alikuwa amevipanga kwenye sinia na kuvifunika kwa kitambaa cheupe.

"Nimekuchambulia kabisa, Asmahani. Usipate taabu."

Nilimshukuru, kisha nikaangalia. Kila mahali kisu kilipopita kati ya pingili na pingili, kilikuwa kimepasua diski, ule mto laini unaozitenganisha, katikati. Na nilichohitaji ni diski.

Ninasomea bayokemia ya uti wa mgongo. Huingiza ndani ya diski mrija mwembamba kama uzi, wenye utando nchani. Maji ya chumvi hupita humo taratibu sana. Sukari na asidi za kwenye diski hupenya utando na kuchanganyika nayo, nami huyapima. Diski haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye mifupa ya pande zake mbili, kwa hiyo lazima ikatwe ikiwa bado imeshikamana nayo.

Ng'ombe wadogo nilikwishawapima Dodoma. Nilikosa mzee mwenye umri unaojulikana. Baba, mwenye bucha hapa Tabora, alinitafutia jozi ya maksai wa kulimia kutoka Lusu, miaka kumi na minne, kwa mtu aliyewaona wakizaliwa. Mmoja sasa alikuwa supu. Mrija nilibaki na mmoja tu; mingine iliishia Dodoma.

"Baba, wa kesho usimkate kwenye kiungo. Kata mfupa."

"Mfupa?"

"Kwa msumeno. Juu na chini ya diski. Polepole, mfupa usipate joto."

"Miaka arobaini sijampa mtu nyama yenye chenga za mfupa."

"Hii huuzi."

"Lakini watu wataniona."

Kwa wachinjaji wenzake, anayevunja mfupa ni yule asiyejua kiungo kilipo. Baba mwenyewe alimcheka Idrisa, jirani yake wa bucha, mwaka mzima kwa kosa moja la namna hiyo.

Asubuhi, machinjioni, baba alitoa msumeno mpya wa seremala. Idrisa alimwona kabla meno hayajagusa mfupa.

"Jamani, njooni! Mzee Lukumani kapoteza kiungo!"

"Macho hayo," mwingine akadakia. "Mtafutieni miwani."

Baba hakuinua kichwa. "Idrisa, wewe ulivunja kwa kutojua. Mimi nimeombwa na msomi."

"Haya, fundi. Ukimaliza hapo, nina kitanda kimelegea mguu."

Walicheka sana. Baba alikata kwa dakika kumi na moja, akisimama kila mara kumwagia mfupa maji. Shingo ilimlowa jasho. Kisha akanikabidhi kile kipande kwa mikono miwili: pingili, diski, pingili.

Seli za diski huendelea kula sukari hata mnyama akishakufa, kwa hiyo tulipanda bodaboda moja, watatu pamoja na dereva, baba akiwa na aproni yake ya damu. Kwenye maabara ya chuo niliyoazimwa, niliingiza mrija na kuwasha pampu.

"Inatoa kiasi gani?" aliuliza.

"Kwa saa nzima, halifiki tone moja."

"Maksai mzima yule, hata tone halifiki?"

"Linatosha, baba."

Nilimwambia arudi, maana zilikuwa saa za wateja wengi na bucha lilikuwa limefungwa. Akavuta kiti akakaa. Alikaa saa tatu akiutazama mrija ambao hauonyeshi chochote.

Namba zilipotoka, katikati ya diski sukari ilikuwa karibu haipo, na asidi laktiki, ile taka inayobaki seli zikila sukari, ilizidi ya wale wadogo kwa mbali. Baba alizisoma begani kwangu.

"Nzuri?"

"Ni mnyama mmoja. Hathibitishi kitu. Lakini kipimo ni sahihi. Diski haikuguswa kabisa."

"Haikuguswa."

"Hata kidogo."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaosha mikono kwenye sinki, akaikausha kwa makini, kidole kwa kidole. Kisha akatoa simu na kumpigia Idrisa.

"Nimekata vizuri sana," alisema. "Ndiyo, mfupa. Sikiliza, wewe: mfupa. Kesho njoo nikufundishe."