Mama wa Zahanati

Bendeji nyeupe ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya Mariama, mke mwenzake, na Koultoum alikuwa ameitazama tangu asubuhi mpaka macho yakamuuma. Mtoto wa Mariama alikuwa na jipu tu, la kubinywa kwa ukucha, lakini zahanati ya kiwanda ilikuwa imemfunga utadhani katoka vitani. Ndani kwake Koultoum, binti yake Ansoifa alilala mkekani, mguu umevimba, umefungwa kipande cha leso kuukuu.

"Bendeji kwa jipu," Koultoum alijisemea, akitwanga bizari. "Kesho atapelekwa kwa kupiga chafya."

Alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Kiwanda cha sabuni alikofanya kazi mume wao, Chaher, kilitibu mke mmoja na watoto wake, na mke huyo awe yule wa cheti cha ndoa cha ofisi ya meya. Koultoum aliolewa Ambanoro, kule Nosy Be, mbele ya imamu na ukoo mzima. Ng'ombe alichinjwa, watu wakala wakasaza, na hakuna aliyemkumbuka meya. Chaher alipooa mke wa pili, hapa Mahajanga, kiwanda kilikuwa kimeshaanza kudai cheti, kwa hiyo bibi harusi wa siku hiyo ndiye aliyepelekwa ofisini. Aliyekula naye mihogo mikavu akawa si mke. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, sharti la kiwanda likabaki palepale.

Ansoifa alichomwa na kijiti cha mkoko walipovuka ghuba kwenda Katsepy kutafuta kaa. Jambo dogo. Koultoum alifundishwa na shangazi yake kuosha kidonda kwa maji moto ya chumvi, kukipaka bizari na mafuta ya nazi, na nusu ya mtaa ilimletea vidole vilivyokatika na watoto walioungua. Alichukua sindano achokoe kijiti. Mtoto akapiga kelele, akamshika mkono, na mama akamwonea huruma akaiweka chini. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Wakati huohuo Mariama alikuwa akipita uani, uso wote umepakwa msandali wa urembo, uliosagwa kutoka kipande kipya alicholetewa na Chaher juzi. Koultoum naye alikuwa na kipande chake, cha harusi, alichokuwa akikisaga kidogo kidogo zile siku za zamu yake. Akakitoa sandukuni, akakisaga chote juu ya jiwe la matumbawe, akakandika unyayo wa mwanawe. Yeye wake ni wa kujipamba, alisema moyoni, wangu ni dawa. Msandali ulipoza ngozi kweli. Kidonda kikafunga vizuri sana juu, kijiti na usaha vikabaki ndani.

Mariama alisimama mlangoni siku ya pili. "Dada, nipe mtoto nimpeleke zahanati. Nitasema ni wangu."

"Wako si unaye? Mpeleke huyo. Wangu nitamtibu mwenyewe."

Mariama aliondoka polepole, na Koultoum akachukia hata upole wake.

Uvimbe ulipofika gotini na mtoto akaanza kuweweseka, Koultoum alimkabili Chaher kabla hajavua viatu.

"Mwanao anaungua. Mpeleke mwenyewe kiwandani."

"Nitamwambia nini mganga wa zahanati? Kwamba nina mke mwingine? Hassane mwenzangu alifukuzwa kwa jambo hilihili."

"Mke mwingine ni mimi?"

Chaher alitazama viatu vyake. "Kwa kiwanda, ndiyo," alisema. "Mariama amekubali. Mpe mtoto."

Hospitali ya mjini ilikuwa mbali kwa mtoto asiyeweza kukanyaga, na mshahara mmoja ulilisha nyumba mbili. Koultoum alimvisha Ansoifa gauni la Idi, akamshika kidevu.

"Ukiulizwa mama yako nani, useme Mama Mariama."

"Mama mdogo?"

"Usiseme mdogo."

Alimbeba mgongoni mpaka karibu na geti la kiwanda, na hapo akamkabidhi. Mariama alikuwa kijana, akamweka begani kwa wepesi. Mtoto akalaza shavu kwenye shingo yake. Koultoum aliona hilo na likamchoma kuliko bendeji zote.

Zahanati ilikuwa nyuma tu ya geti, dirisha wazi. Mganga aliuliza kwa Kimalagasi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuogopwa.

"Nani aliyepaka matope haya?"

Mariama alisita. "Jirani."

"Jirani yako ni mshenzi. Kidonda kimeozea ndani. Mwambie asimguse tena mwanao." Vyuma viligongana kwenye bakuli. "Tunapasua. Huenda mguu ukapona, huenda la. Mama amshike."

"Mama!" Ansoifa alipiga yowe. "Mama!"

Koultoum alikuwa amekwisha kukimbilia getini. Askari wa getini akaweka fimbo yake mbele ya kifua chake.

"Wewe ni nani yake?"

Jibu alikuwa nalo, limejaa kinywani. Lakini akilitoa, mganga angeweka kisu chini, na Chaher asingerudi kazini kesho. Aliangalia kucha zake, zenye manjano ya bizari na msandali.

"Jirani," alisema.

"Basi nenda nyumbani, mama. Mwenyewe yupo."

Hakwenda. Alishika fimbo ya askari kwa mikono miwili, na askari, asijue la kufanya, akamwacha aishike. Kutoka dirishani ilikuja sauti ya Mariama, ikimbembeleza mtoto kwa Kikomoro, lugha ya nyumbani, maneno yaleyale ambayo Koultoum humwambia akiugua. Mama yupo. Mama yupo hapa.

Na Ansoifa akanyamaza.