Chumba Namba Saba Kimegoma Kufutika

Usiku wa jana niliota nimeshika ufagio mbele ya chumba namba saba, ndani ya kumbukumbu ya kengele yetu ya mlangoni. Kengele hiyo hurekodi wanaosema mlangoni na kuhifadhi sauti zao katika vyumba vyenye namba; niliiunda mwenyewe na programu yake niliiandika mwenyewe. Sauti iliyomo katika chumba hicho ni ya mke wangu Mwatumu, aliyefariki mwezi wa Rajabu.

Nilitaka kufuta sentensi moja tu. Asubuhi ya siku aliyofariki tuligombana, akasema akiwa mlangoni, "Baki na mashine zako, Mbwana." Mchana hospitali wakapiga simu.

Chumba kinakohoa. "Vua viatu."

Navua, naviacha kizingitini vikitazama nje, alivyopenda yeye. Tangu afariki napanda navyo mpaka kitandani. Hakuna wa kunikemea.

"Shikamoo," nasema, ingawa ni kidogo kwangu, kifaa chake nilikinunua mwaka juzi tu.

"Marahaba. Unafuta nini?"

"Sentensi moja."

"Hapa hatufuti sentensi. Tunafuta chumba kizima, au tunaacha. Na humu mna kicheko chake, mna siku aliyoimba akingoja umfungulie. Sheria unazijua, fundi."

Nazijua. Nafagia hivyo hivyo, kwa hasira. Sakafu haitoi hata chembe ya vumbi.

"Imeshindikana," kinasema chumba.

Nafagia tena. Imeshindikana. Mara ya tatu nabaki na mpini.

Ghafla tuko zahanati, chumba kimekaa kwenye benchi, mimi ubavuni mwake. Nesi ni bisibisi aliyevaa miwani. Anafungua daftari.

"Umeshafuta?"

"Tayari," najibu. Huo ndio ugonjwa wangu kazini. Kifaa kikishindwa kufuta, programu yangu huandika "Tayari" bila kuchungulia ndani.

"Umeangalia?"

Tangu Rajabu watu wananiuliza hali, nami najibu salama. Sijaangalia hata siku moja.

"Imeshindikana, nesi," nasema, na machozi yananitoka.

"Basi sema hivyo, baba. Kushindwa si aibu, aibu kudanganya." Anabandika karatasi kwenye chumba: KISIFUTWE TENA. Chumba kinashusha pumzi.

Nikaamka jua limeshatoka, miguu mitupu. Kitandani hamna viatu, wala uvunguni.

Kengele ikalia. Alikuwa Bi Riziki, jirani yangu, na kikombe chake cha uji wa kila asubuhi.

"Makubwa! Leo viatu umeviacha nje, tena umevipanga," alisema. Vilikuwa kizingitini, vinatazama nje. "Umeamkaje, mwanangu?"

"Shikamoo, Bi Riziki," nikasema. "Nimeamka vibaya. Karibu ndani."